SOMO KWA WANANCHI: UPEPO WA USAMBARA NA MADAFTARI YA MIAKA MINGI



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma matangazo na taarifa za kazi za Serikali. Leo tunatoa somo, nalo linajibu suali ambalo huulizwa mara kwa mara barazani na maskulini: Nchi itajuaje kwamba upepo wake unatosha kuzalisha umeme? Wapo wanaosema kuwa panapovuma upepo mkali mtu anauona mwenyewe, hapana haja ya hesabu. Wapo na wanaodhani kuwa kuweka kipimo kwa mwaka mmoja ni kazi iliyokwisha. Makusudio ya somo hili ni kuonesha kwamba kauli zote mbili zina upungufu, na kwamba shahidi wa kweli wa upepo ni kumbukumbu za hali ya hewa zilizokusanywa kwa miaka mingi.

Tumechukua mfano wa Lushoto na Milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Mtu anaweza kuuliza: Visiwa vinahusiana nini na milima hiyo? Jawabu ni kwamba tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kimekuwa kikipata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Ras Mkumbuu. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea mitambo ya dizeli. Kwa hivyo hali ya umeme wa Tanga inamgusa mkaazi wa Wete na Chake Chake kama inavyomgusa mkaazi wa Korogwe.

1. MAJI YAKIPUNGUA

Sehemu ya umeme wa kaskazini mashariki ya Tanzania hutokana na Mto Pangani. Mto huo una vituo vitatu: Hale, uliojengwa mwaka 1964, wenye uwezo wa megawati 21, Nyumba ya Mungu, wa mwaka 1969, wenye megawati 8, na Pangani mpya, wa mwaka 1995, wenye megawati 68. Maji yake hutoka Kilimanjaro, Meru na Upare, na sehemu yake huteremka kutoka Usambara kwa mito ya Mkomazi na Luengera.

Mvua zikikosekana, mto hupungua na umeme hupungua nao. Wananchi wengi wanaikumbuka migao ya umeme ya miaka ya 1992, 1994, 2006 na 2011, ambayo ukame ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kuzalisha umeme. Bwawa hilo lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na limeleta nafuu kubwa. Hata hivyo, bwawa hilo nalo linategemea mvua. Nchi yenye busara hutafuta chanzo chengine ambacho hakipungui kwa wakati ule ule ambao maji hupungua.

Upepo unaweza kuwa chanzo hicho. Huko Mufindi, Mkoa wa Iringa, mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4 ilijengwa mwaka 2020 kando ya mradi mdogo wa maji wa Mwenga. Upepo wa huko huzidi nguvu katika miezi ya kiangazi ambapo mto hushuka, na hivyo kimoja hukisaidia chengine. Faida hii haijulikani kwa kuangalia wastani wa mwaka peke yake. Hujulikana kwa kuweka takwimu za upepo na za mvua pamoja, mwezi kwa mwezi, kwa miaka mingi.

2. HESABU YA UPEPO

Msomaji na aishike kanuni hii kwanza, kwani ndiyo mzizi wa somo: nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu haizidi mara mbili bali mara nane. Upepo wa mita 5 kwa sekunde una takriban nguvu maradufu ya upepo wa mita 4 kwa sekunde, ijapokuwa mtu aliyesimama uwanjani haoni tofauti kubwa baina yao. Kwa sababu hiyo, kosa dogo katika kupima kasi huwa kosa kubwa katika kukadiria umeme.

Kanuni hiyo inaleta jambo jengine. Tuseme siku moja upepo ulivuma kwa mita 4 kwa sekunde, na siku ya pili kwa mita 8. Wastani ni mita 6, na kipeo chake cha tatu ni 216. Lakini tukifanya hesabu ya kila siku mbali, tunapata 64 na 512, ambazo wastani wake ni 288. Yaani nguvu iliyopita kwa kweli ni zaidi kwa thuluthi moja kuliko ile inayodhaniwa kwa kuangalia wastani wa kasi. Hivyo basi, haitoshi kituo kuandika wastani wa mwezi tu. Inatakiwa ijulikane ni saa ngapi upepo ulikuwa mdogo, ngapi ulikuwa wa kiasi, na ngapi ulikuwa mkali.

Aidha, ieleweke kuwa si nguvu yote ya upepo inayoweza kukamatwa. Mtaalamu wa Kijerumani, Albert Betz, alionesha mwaka 1920 kwamba mtambo wowote, hata ukiwa bora namna gani, hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo unaopita katika mapanga yake. Juu ya hayo, hewa ya mlimani ni nyepesi. Katika kimo cha Lushoto, ambacho ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa katika kila mita moja ya ujazo hupungua kwa kiasi cha asilimia 12 hadi 13, na nguvu ya upepo wa kasi ile ile hupungua kwa kiasi hicho hicho.

3. UPEPO WA PWANI NA UPEPO WA MLIMA

Watu wa mwambao hawana haja ya kufundishwa kwamba upepo una majira. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na Kusi hushika baada ya masika na kuendelea katika miezi ya kipupwe. Baina yao kuna kipindi cha maleleji, ambapo upepo hauna uamuzi. Manahodha na wavuvi walizihesabu siku kwa mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, wakiuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue wakati wa kutweka na wakati wa kupumzisha chombo. Nayo yalikuwa matumizi ya kumbukumbu za miaka mingi, ingawa hayakuandikwa katika majaduweli ya takwimu.

Pepo hizo hizo zikifika Usambara hukutana na ukuta. Kusi, iliyobeba unyevu wa Bahari ya Hindi, hulazimika kupanda, na hapo huumwaga unyevu wake. Ndiyo sababu Amani, katika Usambara ya Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambapo tambarare ya Mkomazi, iliyo nyuma ya milima, haipati hata nusu yake. Upepo usioweza kupanda huzunguka na kupenya mianya baina ya mlima na mlima, na katika mianya hiyo huweza kuongeza mwendo, kama maji ya mtoni yanapofika penye mkato mwembamba.

Zaidi ya hayo, mlima una upepo wake wa siku. Mchana, miteremko inapopata joto la jua, hewa hupanda kutoka bondeni. Usiku, hewa iliyopoa huteremka. Mtu anayesimama Irente, kwenye ukingo wa majabali unaoitazama tambarare, anaweza kupigwa na upepo mkali, na papo hapo aliye katika bonde la mji wa Lushoto asione hata jani kutikisika. Kwa hivyo usemi wa kwamba "Lushoto kuna upepo" haumfai mhandisi. Yeye atauliza: Ni kilima kipi, ni urefu gani kutoka ardhini, ni mwezi gani na ni saa ngapi?

Inafaa pia kukumbusha kwamba vilele vingi vya Usambara vimefunikwa na misitu ya hifadhi, kama vile Magamba na Amani, yenye mimea na viumbe visivyopatikana pengine duniani, na ndiyo asili ya chemchemi za mito tuliyoitaja. Hata upepo ukithibitika kuwa mwingi, haimaanishi kwamba kila kilele kinaweza kukatiwa barabara ya kupandishia mitambo.

4. MWAKA MMOJA SI SHAHIDI WA KUTOSHA

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Nishati na Madini pamoja na Shirika la Umeme TANESCO, kwa msaada wa Denmark na wataalamu wa taasisi ya Risø, walipima upepo katika sehemu kadhaa za nchi, zikiwemo Karatu, Gomvu, Litembe na Mkumbara. Mkumbara ipo chini ya Usambara ya Magharibi, katika barabara kuu iendayo Same. Upepo uliopatikana hapo ulikuwa wa kiasi tu, chini ya ule uliotangazwa kwa Singida na Makambako, ambako ndiko macho ya wawekezaji yalikoelekea.

Je, matokeo ya Mkumbara yanamaanisha kuwa Usambara yote haina upepo wa kufaa? La. Mlingoti mmoja hueleza habari za pale uliposimama, kwa kimo ulichofika na kwa muda uliopimwa. Hata hivyo, haiwezekani kuweka mlingoti katika kila kilima na kungoja miaka thalathini. Wataalamu hutumia njia ya kukisaidia kipimo kifupi kwa kumbukumbu ndefu, nayo tunaieleza kwa mfano wa kubuni.

Tuseme mlingoti umewekwa kwenye ukingo wa mlima kwa mwaka mmoja, ukatoa wastani wa mita 6.6 kwa sekunde. Tuseme kipo kituo cha hali ya hewa jirani, chenye kumbukumbu za miaka 20, ambacho wastani wake wa miaka yote ni mita 5.0, lakini katika mwaka ule wa mlingoti kilisoma mita 5.5. Hapo tunafahamu kuwa mwaka ule ulikuwa na upepo kuliko kawaida, kwa asilimia 10. Tunaigawa 5.0 kwa 5.5, tunaizidisha kwa 6.6, na tunapata mita 6.0. Huo ndio wastani unaotarajiwa kwa muda mrefu.

Tofauti ya 6.6 na 6.0 inaonekana ni ndogo. Lakini tukumbuke kipeo cha tatu: nguvu ya upepo wa mita 6.0 ni robo tatu tu ya ile ya mita 6.6. Aliyekopa fedha kwa kutegemea mwaka mmoja ameahidi umeme ambao robo yake haitakuja. Deni litabaki pale pale, na mwisho wake atakayelipa ni mtumiaji wa umeme au hazina ya nchi. Hapa ndipo madaftari ya kale yanapokuwa mali.

Njia hii ina sharti lake. Kituo na mlingoti viwe vinaupata upepo mmoja, ili siku kimoja kinapopanda na chengine kipande. Kituo kilicho ndani ya bonde la Lushoto huenda kisifae kuutolea ushahidi upepo wa ukingo wa Irente, ijapokuwa ni majirani. Ni wajibu wa mpimaji kuuthibitisha uhusiano huo kwanza, ndipo afanye hesabu.

5. KUYASOMA MADAFTARI YA KALE

Usambara ina historia ndefu ya uchunguzi. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani mwaka 1902, na kazi za kisayansi zimeendelea huko chini ya tawala zilizofuata. Leo kazi ya kutunza takwimu za hali ya hewa ya nchi ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Lakini kumbukumbu za zamani hazichukuliwi hivi hivi bila ya kuhojiwa. Mambo yafuatayo huangaliwa:

(a) Kimo cha kipimo. Kimo cha kawaida katika vituo vya hali ya hewa ni mita 10, lakini vituo vingi vya kilimo hupima kwa mita 2 tu kutoka ardhini. Mitambo ya umeme hufika mita 80 na zaidi. Katika ardhi tambarare na wazi ipo kanuni ya kukadiria: mita 5 kwa sekunde katika kimo cha mita 10 huwa karibu mita 6.7 katika kimo cha mita 80. Mlimani kanuni hii haiaminiki, na hapana budi kupima kwa mlingoti mrefu.

(b) Kizio cha kipimo. Vituo vyengine viliandika kwa noti, vyengine kwa maili kwa saa, na vya kilimo viliandika kilomita zilizopita kwa siku. Noti 10 ni kama mita 5.1 kwa sekunde. Atakayezisoma noti akadhani ni mita kwa sekunde ataiona nguvu mara saba na zaidi ya ile iliyopo. Kilomita za siku hugawanywa kwa 86.4: kwa mfano, kilomita 216 kwa siku ni wastani wa mita 2.5 kwa sekunde.

(c) Saa za kusoma. Kituo kinachosomwa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri tu hakitoi habari ya usiku, na mlimani upepo wa usiku ni mwengine kabisa.

(d) Mazingira ya kituo. Miti iliyopandwa ikiwa miche hukua, na majengo huongezeka. Baada ya miaka 20 kipimo huonesha kuwa upepo umepungua, na kumbe kilichozidi ni kizuizi. Katika nchi nyingi vipimo vya nchi kavu vilionesha upepo kupungua tangu miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2010, kisha ukaanza kuongezeka tena, na wataalamu wamejadiliana sana ni kiasi gani kilitokana na anga yenyewe na kiasi gani kilitokana na mabadiliko ya ardhi.

(e) Kubadilishwa kwa chombo. Vikombe vya kipimaupepo vikichakaa huzunguka kwa uzito, na kipya kikifungwa tarakimu huruka juu ghafla. Tarehe ya kubadilisha lazima iandikwe.

6. SETILAITI NA KOMPYUTA

Msomaji ataweza kusema kwamba siku hizi kompyuta zimetuondolea taabu hii. Ni kweli kwamba zimesaidia sana. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kimetayarisha kumbukumbu iitwayo ERA5, inayoeleza hali ya anga ya dunia nzima kwa kila saa, kuanzia mwaka 1940. Imetengenezwa kwa kuchanganya vipimo vya vituo, meli, ndege na setilaiti pamoja na hesabu za modeli. Hivyo, penye kituo kilichopoteza madaftari yake, ERA5 inaweza kuwa shahidi wa muda mrefu.

Lakini ERA5 huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kiasi cha kilomita 31. Kutoka Mombo, iliyo katika kimo cha mita 400 na ushei, hadi mji wa Lushoto ulio mita 1,400, masafa ya hewani hayafiki hata kilomita 20. Kwa hivyo mraba mmoja unaweza kuchukua tambarare, ukuta wa mlima na bonde la juu pamoja, na kuvifanya kama mwinuko mmoja laini. Ramani ya Upepo ya Dunia, iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia, imeshuka hadi kipande cha mita 250, na inafaa sana kwa kuchagua pa kwenda kupima. Kuchagua ndiyo kazi yake. Kuthibitisha hubaki kuwa kazi ya mlingoti na daftari.

7. MFANO WA JIRANI

Jirani zetu wa Kenya wana funzo la kutupa. Mwaka 1982 wataalamu J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walieleza kisayansi habari za mkondo wa upepo mkali unaopita katika mwanya baina ya milima ya Ethiopia na ile ya Afrika Mashariki, karibu na Ziwa Turkana. Mwaka 2018, baada ya miaka 36, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310 iliunganishwa na gridi ya Kenya kutoka eneo hilo. Mitambo ilikuwa tayari tangu mwaka uliotangulia, ikingojea njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Singida, ijapokuwa upepo wake umesifiwa tangu miaka ya 2000, hadi mwaka 2024 ilikuwa haijazalisha umeme wa upepo kwa gridi. Kipimo kizuri peke yake hakiwashi taa. Panatakiwa fedha, njia ya umeme na mipango. Lakini bila ya kipimo kizuri, hayo yote hujengwa juu ya dhana.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Kituo cha kilimo kimeandika kilomita 259.2 kwa siku. Wastani wa kasi ni mita ngapi kwa sekunde?
2. Upepo umetoka mita 5 na kufika mita 6 kwa sekunde. Nguvu yake imezidi kwa asilimia ngapi?
3. Mlingoti umesoma mita 7.0 katika mwaka ambao kituo jirani kilisoma 4.5, na wastani wa kituo hicho wa miaka 20 ni 5.0. Je, makadirio ya muda mrefu yatapanda au yatashuka?

Majawabu: (1) Mita 3.0. (2) Karibu asilimia 73. (3) Yatapanda, hadi kiasi cha mita 7.8 kwa sekunde, kwani mwaka uliopimwa ulikuwa na upepo haba.

Kwa kumalizia, tunawanasihi wasimamizi wa vituo, walimu wa skuli zenye vipimo vya mvua na upepo, na wakuu wa mashamba ya Serikali, kwamba madaftari ya zamani yasichomwe wala yasitupwe wakati wa kuhama ofisi. Siku isiyosomwa iachwe wazi. Isijazwe kwa kukisia, kwa sababu atakayekuja kulihesabu daftari hilo baada ya miaka 30 ataweza kuirekebisha nafasi iliyo tupu, lakini hatakuwa na njia ya kuitambua tarakimu ya kubuni. Msomaji wa kipimo anayepanda kilima saa tatu ya asubuhi, katika ukungu na baridi ya Usambara, na kuandika alichokiona kama kilivyo, anafanya kazi ambayo wahandisi na benki wataitegemea naye hayupo. Anastahiki kushukuriwa, na kazi yake inastahiki kutunzwa.